Mgolole na Kaptula: Malangali Inapokaribia Miaka 100

Mtoto wa Kilosa akichaguliwa shule ya bweni ya mbali, njia zake kubwa ni mbili. Akipangiwa magharibi, reli ndiyo njia yake: Dodoma, Manyoni, Tabora. Akipangiwa Nyanda za Juu Kusini, hushuka hadi Mikumi, na pale kwenye barabara kuu husubiri basi limpandishe mlima Kitonga, limvushe Iringa na Mafinga, kisha achepuke kuelekea Malangali wilayani Mufindi. Shule zinapofunguliwa, stendi ya Mikumi hujaa matranka, magodoro yaliyoviringishwa, ndoo, majembe, na vijana waliovaa mashati mapya ambayo bado yana mikunjo ya dukani. Wazazi waliowasindikiza hukagua vifungo na urefu wa suruali kwa makini kama wanavyokagua fomu ya kujiunga, na wana haki ya kufanya hivyo. Mtoto anapokelewa shuleni kwa macho kabla hajafungua mdomo.

Malangali ilifunguliwa mwaka 1928, kwa hiyo mwaka 2028 itatimiza miaka 100. Bila shaka vitaandikwa vitabu vya kumbukumbu, na humo tutasoma orodha za wakuu wa shule, matokeo ya mitihani, mabweni yaliyoongezwa na viongozi waliotokea pale. Ni haki yao kukumbukwa. Lakini kuna jambo moja katika miaka ya mwanzo ya shule hiyo linalostahili nafasi kubwa kuliko linavyopewa, nalo ni mavazi ya wanafunzi wake. Hakuna shule ya serikali katika Tanganyika ya wakati ule ambayo nguo za wavulana zilibebeshwa hoja nzito kama Malangali. Waliulizwa kwa nguo, wala si kwa maneno, wanataka kuwa nani. Nao wakajibu.

Kwa nini hoja hii iandikwe kutoka Kilosa? Kwa sababu nguo ilipita hapa kabla ya shule. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda bara ilipita Usagara na Ukaguru, kupitia Mamboya na Mpwapwa, na mzigo wake mkubwa ulikuwa vitambaa. Merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Biashara hiyo ilikua kiasi kwamba mwaka 1837 Marekani ilikuwa na konsuli wake Unguja, Richard Waters, mwenyewe mtu wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipokatisha pamba, vitambaa vya India na Uingereza vilijaza pengo. Kaniki nayo, nyeusi ya buluu, ilikuja kutoka India. Watu walipima kwa mikono: mikono minne shuka, mikono minane doti. Hongo, yaani ushuru wa njia uliotozwa na watemi, ililipwa kwa doti, na mpagazi alilipwa kwa doti. Mtu wa Usagara alipokuwa na shuka yake ya merikani iliyofungwa begani, alikuwa amevaa mali ya dunia nzima, na wala hakuna aliyemwambia kwamba ni vazi la porini.

Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walipojenga Mamboya mwaka 1880, na Berega mwaka 1900, watoto waliokuja kujifunza kusoma walikuja na shuka hizo hizo. Baadaye Wajerumani walileta sura nyingine. Akida wa serikali yao, aliyetoka pwani au aliyefuata mila za pwani, alivaa kanzu na kofia, akawa mtu wa kuandika na kutoza kodi. Kwa miaka mingi picha ya msomi katika wilaya hii ilikuwa mtu wa kanzu nyeupe. Wakati huohuo mashamba yalianza kubadili ardhi yenyewe: mwaka 1907 kampuni ya Otto ya Ujerumani ilifungua shamba kubwa la pamba karibu na Kilosa, ikalima kwa majembe ya mvuke. Reli ilipita, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kisha vita. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa, na pamoja nayo kaki.

Kaki haikuondoka tena. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walivaa kaptula za kaki, polisi wakavaa, matarishi wakavaa. Manamba, vibarua wa mkataba waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko walirudi kwao na kaptula, kwa kuwa ndiyo kitu cha kwanza ambacho mshahara ungeweza kununua na watu wakakiona. Kwenye baraza za maduka ya Wahindi mafundi cherehani walikuwa wakishona siku nzima. Kwa hiyo ilipofika katikati ya miaka ya 1920, kijana wa Kilosa au wa Iringa alikuwa akiona mavazi ya namna nne mbele yake: shuka ya baba yake, kanzu ya mtu wa pwani, kaptula ya askari na mfanyakazi, na suruali ndefu na koti la karani. Kila moja lilikuwa na cheo chake, na kila mtu alijua vyeo hivyo bila kufundishwa.

Hapo ndipo serikali ya Waingereza ilipoanza kujenga shule zake. Mkurugenzi wa kwanza wa elimu, Stanley Rivers-Smith, alishika kazi mwaka 1920 na kukaa hadi 1931. Shule ya Tabora, iliyoanzishwa wakati wa Gavana Horace Byatt na kufunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa wana wa machifu. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka huo huo, alikuwa na nia ya kutawala kupitia watawala wa jadi, na mwaka 1926 akaipa nia hiyo nguvu ya sheria. Mtawala wa jadi wa kesho alihitaji shule. Tabora ikapangwa kwa kufuata shule za bweni za matajiri wa Uingereza: viranja, nidhamu, michezo, gwaride. Baadaye milango ilifunguliwa kwa wengine pia, na Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alisoma pale kuanzia 1937 hadi 1942. Alipokuwa mwanafunzi alipinga upendeleo waliopewa viranja. Halafu wakamfanya kiranja.

Malangali ilitokana na wazo tofauti, na wazo hilo lilivuka bahari. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Gold Coast, mwalimu aliyesomea na kufundisha North Carolina. Mfano ambao tume hiyo iliupenda ulikuwa shule za Wamarekani weusi za Hampton na Tuskegee, zilizofundisha kilimo, useremala, uashi na usafi pamoja na kusoma. Ripoti yake ilisema elimu ya Mwafrika ianzie kijijini kwake. Mwaka 1925 serikali ya London ikatoa waraka wa sera uliotaka elimu ilingane na mila, kazi na mazingira ya Waafrika, na Oktoba mwaka huo Cameron akaitisha mkutano mkubwa wa elimu Dar es Salaam, serikali na misheni zikaketi pamoja. Sheria ya elimu ya 1927 ilifuata.

Jambo ambalo ripoti zile hazikulisemea sana ni kwamba wanaume wa Hampton na Tuskegee hawakuvaa mavazi ya mababu zao. Walivaa sare za mtindo wa kijeshi, kofia na vifungo, na walipiga gwaride. Baba zao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, na kwao koti lililonyooshwa lilikuwa tangazo kwamba sasa ni watu huru. Mafunzo ya useremala yalivuka bahari kuja Afrika, koti halikuvuka.

Aliyepewa kazi ya kulitia wazo hilo katika shule ya kweli alikuwa W. Bryant Mumford, afisa elimu kijana. Mwaka 1928 alifungua Malangali katika Jimbo la Iringa, kwa ajili ya wavulana wa Wahehe, Wabena na Wasangu. Mumford aliamini kwamba shule za kawaida zilikuwa zikimng'oa mtoto kwao na kumwacha hewani, si wa huku wala si wa kule. Akataka shule ikue kutoka katika mila, na mageni yaingizwe kidogo kidogo juu ya msingi huo. Alieleza kazi ya mwaka wa kwanza katika makala ndefu iliyochapishwa mwaka 1930 katika jarida la wataalamu wa mambo ya Afrika huko London, na makala hiyo ikaifanya Malangali ijulikane na watu ambao wasingeweza kuionyesha kwenye ramani.

Hebu tuitazame shule hiyo kama ilivyokusudiwa, maana ni picha ya ajabu hata leo. Wazee wa makabila waliwekwa shuleni kama sehemu ya ualimu: kusimulia hadithi za koo na vita, kufundisha adabu, kuamua mashauri. Kurusha mikuki kulihesabiwa mchezo wa shule kama vile kwingine walivyohesabu mpira. Ngoma zilichezwa kwa ratiba. Palikuwa na mifugo na mashamba. Na wavulana hawakuvaa kaptula. Walivaa vazi la kwao, nguo ya kujitanda iliyozungushwa mwilini na kufungwa begani, ile ambayo Wahehe wanaiita mgolole.

Tufikirie maana yake kwa mvulana wa miaka kumi na minne. Ametoka kijijini kwa miguu, siku kadhaa. Labda kaka yake amefanya kazi Kimamba au Tanga na amerudi na kaptula mbili. Labda mjomba wake ni karani wa boma, ana kalamu mfukoni. Yeye amechaguliwa kwenda shule ya serikali, jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea kwao, na anafika pale anakabidhiwa kitambaa kile kile alichokiacha nyumbani. Mgolole hauna mfuko, na karani hujulikana kwa mfuko.

Nia ya Mumford haikuwa mbaya, nasi hatutaki kumfanya kuwa mbaya. Miaka thelathini kabla ya hapo, mwaka 1898, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa amejiua ili asishikwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Wahehe walikuwa wamepigwa, nchi yao imegawanywa. Ni mwaka 1926 tu ndipo Waingereza walipomrudisha Sapi, mwana wa Mkwawa, kwenye utawala wa Uhehe. Shule iliyosema mbele ya watoto kwamba historia ya babu zao ni somo, na kwamba mzee asiyejua kusoma ni mwalimu, ilisema jambo ambalo shule nyingi za Tanganyika hazikulisema kabla yake, na ambalo nyingi hazikulisema kwa miaka mingi baadaye. Misheni ngapi zilimfundisha mtoto aone aibu ngoma ya mama yake? Malangali iliitia kwenye ratiba. Katika hilo inastahili heshima, na wanaoandaa kumbukumbu ya miaka 100 wasione haya kuitaja.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Aliyechagua mgolole alikuwa mtu mwenye suruali.

Ili kuliona vizuri, tuvuke tena bahari tuone wavulana wa umri ule ule katika nchi ilikotoka merikani. Kati ya vita kuu mbili, shule za bweni za matajiri wa Marekani, zile za kuwaandaa vijana kuingia vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton, zilikuwa na sheria za mavazi kali kuliko za Malangali. Phillips Andover ilianzishwa mwaka 1778, Phillips Exeter 1781. Groton, iliyoko Massachusetts, ilianzishwa mwaka 1884 na Endicott Peabody, aliyeiongoza hadi 1940. Franklin Roosevelt alisoma pale. Wavulana wa Groton walilala katika vijumba vidogo visivyo na milango, walioga maji ya baridi asubuhi, na jioni, kabla ya chakula, walibadili nguo wakavaa suti, kola nyeupe ngumu na viatu vya ngozi inayong'aa. Mtoto mdogo wa Marekani wa enzi hizo alivaa suruali fupi zilizokazwa chini ya goti, na siku aliyopewa suruali ndefu ilikuwa siku ya kukumbukwa katika ukoo. Koti na tai vilikuwa lazima darasani na kanisani.

Groton nayo, ukiitazama, ilikuwa ikiwavisha wavulana vazi la baba zao. Ilikuwa ikitetea mila, kama Malangali. Peabody na Mumford wote waliamini kwamba nguo hujenga tabia, kwamba mtoto akivaa kama wazee wake atachukua adabu yao. Tofauti ni hii: baba za wavulana wa Groton walikuwa wenye mabenki, mawakili na maseneta. Vazi lile lilikuwa mlango wa ofisi walizokuwa wakitarajiwa kuzikalia. Mvulana wa Malangali alivikwa vazi la babu yake katika nchi ambayo mwenye vazi hilo alisimama nje ya boma, juani, akisubiri kuitwa na mtu mwenye kaptula, aliyetumwa na mtu mwenye suruali. Mila ile ile, ukiiweka chini ya utawala wa mwingine, hugeuka uzio.

Wazazi waliliona hilo upesi, pengine upesi kuliko walimu. Katika miaka ile, kotekote Tanganyika, kilio cha Waafrika waliokuwa wakifuatilia elimu kilikuwa kimoja: wafundishwe Kiingereza, wafundishwe hesabu, wapewe kinachofungua kazi. Hawakuwa wakidharau mila. Mila walikuwa nazo nyumbani bure. Chama cha African Association kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, na makarani na walimu ndio walioshika usukani wake. Miaka saba kabla ya hapo, Tanga, Martin Kayamba alikuwa ameanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 1931 Kayamba, pamoja na Chifu Makwaia wa Usiha na Francis Lwamugira wa Bukoba, walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge kuhusu kuunganishwa kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mzazi yeyote aliyesikia habari hiyo alielewa ni elimu gani iliyomfikisha Mwafrika mbele ya kamati ya bunge.

Maafisa wengi wa Kiingereza walimchukia karani mwenye suti. Walimwona mtu aliyepotea, mwigaji, mwenye madai mengi. Humo ndimo mapenzi yao kwa mgolole yalimochanganyika na hofu. Mtu wa mgolole hakudai mshahara wa karani. Hatuna sababu ya kusema Mumford mwenyewe aliwaza hivyo; lakini mpango wake ulipata wapenzi miongoni mwa watu waliowaza hivyo, na wavulana walikuwa na masikio.

Jaribio halikudumu. Mumford aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umekwisha kupunguza fedha za serikali, na elimu ilikatwa kama idara nyingine. Warithi wake hawakuwa na moto wake. Mikuki ikawa mchezo wa siku maalumu, wazee wakarudi vijijini, na Malangali ikawa shule ya serikali kama nyingine, yenye mtaala wa kawaida na nguo za kawaida. Kaptula ilishinda. Haikushinda kwa amri; ilishinda kwa kuwa wale waliopaswa kuvaa mgolole hawakuuona mbele yao, waliuona nyuma yao.

Lakini tusiishangilie kaptula kupita kiasi. Ilikuwa na uzio wake. Katika shule za Waafrika za wakati huo, Tanganyika na hata Kenya, sare ilikuwa kaptula na shati la kaki, na miguu mitupu. Alliance High School ya Kikuyu, iliyofunguliwa Machi 1926, ilifundisha Kiingereza cha hali ya juu kwa vijana waliovaa kaptula za kaki. Kijana wa miaka ishirini, mwenye ndevu, anayesoma hesabu za aljebra, alivaa sawa na mtoto wa darasa la kwanza, na sawa na mtumishi wa nyumbani wa mwalimu wake. Bila shaka kaptula ilikuwa rahisi kufua na bei yake nafuu, na katika joto la Kilosa ina faida zake. Hata hivyo kila mtu alijua kwamba suruali ndefu ni ya mtu mzima, na kwamba kumwacha mtu mzima katika kaptula ni kumwambia kitu. Vijana wa Marekani walivaa suruali fupi kwa miaka michache, wakijua tarehe ya kuzivua inakuja. Kwa Mwafrika hakuna aliyetaja tarehe.

Vita vya pili vilileta viatu. Askari waliorudi kutoka Burma walikuwa wamevaa buti, na haikuwa rahisi tena kumwambia mdogo wao kwamba miguu mitupu ni tabia njema. Hatua kwa hatua, kabla na baada ya Uhuru, suruali ndefu ikawa vazi la mvulana wa sekondari na kaptula ikabaki ya shule ya msingi. Malangali ilikwenda na mkondo huo.

Uhuru ulirudisha swali la Mumford kwa sauti nyingine. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na mtu aliyesoma historia ya Malangali hawezi kuisoma bila kusimama mara kadhaa. Shule iwe na shamba. Shule isimtenge kijana na kijiji chake. Wazee wasiosoma wana maarifa, wasidharauliwe. Karibu yote yalikuwa yamejaribiwa Mufindi miaka arobaini nyuma. Tofauti ilikuwa katika msemaji na katika mwisho wa safari. Nyerere hakumwambia kijana abaki chini ya mtu mwingine. Alimwambia nchi ni yake, kwa hiyo jembe pia ni lake. Na hakugusa suruali yake.

Hata serikali ya Waafrika haikuwa na huruma na shuka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 palifanyika kampeni ya kuwafanya Wamasai waache mavazi yao na kuvaa suruali, na mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Wakoloni walikuwa wamemkataza kijana kuvaa kama Mzungu. Sasa Mmasai alikatazwa kuvaa kama baba yake, na msichana wa Dar es Salaam alikatazwa kuvaa kama msichana wa London. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu Uhuru ulikuwa nafasi ya kumuuliza mwenye mwili.

Miaka hiyo ndiyo iliyoifungulia Kilosa na Mikumi njia ya Malangali. Barabara ya Morogoro hadi Iringa iliyopita Mikumi ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954, Hifadhi ya Mikumi ikatangazwa mwaka 1964, na mwaka 1965 tawi la reli la kutoka Kilosa kupitia Mikumi likafika Kidatu. Serikali ilipoanza kuwapanga wanafunzi wa sekondari nchi nzima bila kujali kabila wala mkoa, shule ya Wahehe, Wabena na Wasangu ikawa pia shule ya Wasagara, Wavidunda, Wakaguru na Waluguru. Hapo mgolole usingewezekana tena hata kama ungependwa, kwa maana ungekuwa mgolole wa nani? Sare iliyofanana kwa wote ilikuwa na kazi ambayo Mumford hakuwa nayo akilini. Ilimweka mtoto wa mkulima wa Kidodi na mtoto wa mkurugenzi wa Dar es Salaam kwenye benchi moja, na hakuna aliyejua nani ni nani mpaka siku ya kutembelewa na wazazi.

Kwa muda nguo hiyo ilikuwa pia yetu kwa maana nyingine. Kituo cha utafiti cha Ilonga, hapa Kilosa, kilianzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya pamba, na aina za pamba zilizozalishwa pale zilipandwa katika ukanda wa mashariki wa nchi. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, vingine vikajengwa Mwanza, Musoma na Morogoro. Wilaya iliyopokea merikani kutoka Massachusetts ilikuwa sasa inapeleka pamba yake katika viwanda vya nchi, na shati la mwanafunzi lingeweza kuanza safari yake shambani Kilosa. Viwanda hivyo vilidorora, na leo vitambaa vingi vya sare vinatoka nje tena. Mzazi anayenunua sare katika duka la Mikumi hulipa zaidi kuliko inavyostahili kwa kitambaa kinachopauka kabla ya muhula wa pili. Tunadhani hili ni jambo la kuzungumzwa katika sherehe za 2028, hasa mbele ya mawaziri watakaoalikwa.

Mgolole haukufa. Uhehe unauvaa hadi leo katika sherehe, na kule Kalenga, ambako fuvu la Mkwawa lilirudishwa Juni 1954, mtu aliyevaa mgolole hana haja ya kueleza kwa nini. Wanaouvaa wamejichagulia. Vijana wetu wanavaa suruali ya shule siku tano, na Jumamosi ya harusi wanajitanda vazi la ukoo, na hawaoni ugomvi kati ya mawili hayo. Hilo ndilo ambalo Mumford hakulifikiria: kwamba mvulana angeweza kuwa na yote mawili, mradi asilazimishwe na mtu mwenye jingine.

Kwa hiyo tuna maombi mawili kwa wanaoandaa kumbukumbu ya miaka 100. La kwanza, katika chumba cha maonyesho uwekwe mgolole na iwekwe kaptula ya kaki, vikiwa kamili, na kando yake maelezo ya wazi kuhusu nani aliamua nini, na lini. Visiwekwe kama mapambo ya ukale. Wanafunzi wa sasa wana akili ya kutosha kubishana juu yake, na ubishi huo waufanyie darasani, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

La pili ni kwa familia za Kilosa, Kimamba, Dumila, Kidodi na Mikumi ambazo mtu wao alisoma Malangali wakati wowote. Picha za shule za zamani ziko chini ya vitanda, katika matranka yale yale yaliyopita stendi. Nyingi hazina majina nyuma. Kaeni na wazee wangali hai, andikeni majina ya waliosimama kwenye kila mstari, mwaka, bweni, na walivaa nini, na kama nguo ilikuwa ya shule au ya kuazima. Nakala ipelekwe shuleni. Picha yenyewe ibaki nyumbani.